Nilimwambia mke wangu gari limeshauzwa

Ndugu Mshauri,

Salamu. Nina miaka 49, mke wangu ana 46. Tumetembea pamoja kwa miaka 11. Kila mwaka tunajipa siku kumi hadi ishirini za kwenda kwa miguu, mabegi mgongoni, hema moja, maji tunachuja mtoni. Kwa miaka mitatu sasa tunaweka akiba kwa ajili ya safari kubwa kuliko zote tulizowahi kwenda, njia ya kilomita 1,100, ambayo kwa mwendo wetu ni siku 55. Kazini nimeshakubaliwa likizo isiyo na malipo mwakani.

Tatizo ni goti lake la kulia. Lilianza mwaka jana, kwenye miteremko tu. Safari iliyopita, siku ya sita, tuliteremka mita 900 mchana mmoja, naye alikuwa na begi la kilo 13. Kesho yake asubuhi hakuweza kuchuchumaa ili atoke hemani. Alijiburuta kwa makalio mpaka mlangoni, akaniambia nisimtazame. Tukakatisha safari.

Usiku ule tulilala kwenye kibanda cha watembeaji, tulikuwa watu tisa. Unajua maongezi ya watembeaji yalivyo: yanaanza na malengelenge na soksi, yanapita kwenye uzito wa sufuria, na kabla chai haijapoa yamefika kwenye magari. Mmoja akasema ubao na godoro ndani ya gari dogo vinatosha. Mwingine akasema bila gari linalovuta magurudumu yote manne hufiki mwanzo wa njia yoyote ya maana. Mzee mmoja alikuwa na vani yake nje, na alikuwa anaiuza. Ni vani ya mizigo ya miaka 17 aliyoigeuza kwa mikono yake: kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji la lita 80, betri ya pili ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), sola ya wati 100 juu ya paa. Mke wangu aliingia, akajilaza, akanyoosha goti, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa siku tatu.

Tangu siku hiyo wazo lake ni moja. "Tununue lile gari. Wewe tembea, mimi nitakufuata. Jioni utanikuta na chakula cha moto." Tukilinunua, akiba itakayobaki inaweza kutufikisha siku 55 kwa kujibana sana, bila hata kidogo cha gereji.

Wenzetu tunaotembea nao kila mmoja ana lake. Yupo aliyesema nikinunua vani nitakuwa mtembeaji wa maegeshoni. Yupo anayesema niende peke yangu, mke atanisubiri nyumbani. Yupo anayeona niahirishe kila kitu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita yule mzee alipiga simu kuuliza kama bado tunaitaka. Nikamjibu hapana. Kisha nikamwambia mke wangu kwamba gari limeshauzwa. Si kweli, bado lipo. Yeye alisema "haya" tu. Jumamosi yake akafua begi lake la safari, akalianika, na lilipokauka akalipandisha juu ya kabati. Hajazungumzia njia tena.

Naogopa kwamba gari likiingia, kutembea kwetu kumekwisha. Naogopa pia kwamba kumeshakwisha, na mimi nimemnyima hata kile kilichobaki.

Nakupa na vipimo, labda vitasaidia. Cheti cha vani kinasema uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 2,800, na mzee anasema ilivyo sasa, tangi la maji likiwa tupu, ina kilo 2,450. Gari letu la sasa ni hachibeki, gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Viti vya nyuma vikilazwa napata sentimita 172 kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa viti vya mbele. Mimi nina urefu wa sentimita 178, mke wangu 163. Njia yenyewe inakatwa na barabara mahali 14, na kipande kirefu kisicho na barabara ni cha siku sita.

Mtembeaji wa Njiapanda

JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu Mtembeaji,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye begi lililofuliwa na kuwekwa juu ya kabati. Nimekuelewa hivi: unaitaka njia yenu mwakani na unataka kuitembea na mkeo, ila goti lake limekataa. Yeye ameleta wazo la gari ili asiachwe nje ya safari. Wewe ukaliona gari hilohilo kuwa ndiyo mwisho wa safari, ukalizuia kwa neno ambalo sasa linakuuma. Sikulaumu kwa kuogopa. Miaka 11 ya kulala hema moja si kitu cha kuachia kirahisi.

Kabla ya kusema lolote juu ya vani, turudi kwenye namba uliyoitaja mwishoni kabisa, ile 14.

Safari ya siku 55 ina usiku 54. Mkikutana kila mahali barabara inapokata njia, na kila mara ukalala garini, mtalala pamoja usiku 14. Usiku 40 unaobaki wewe uko hemani na yeye yuko peke yake ndani ya vani. Je, mkeo ameshaipiga hesabu hii? Na wewe je? Kile chakula cha moto cha kila jioni ambacho yeye anakiona kwa upendo, na wewe unakiona kwa hofu kwamba kitakulainisha, kwenye njia yenu hakipo. Kwenye kipande cha siku sita utabeba chakula chako chote, na kwa gramu 650 hivi kwa siku hiyo ni karibu kilo nne. Juu yake utabeba hema zima peke yako, hema ambalo mpaka sasa mmekuwa mkigawana.

Njia hazifanani katika jambo hili. Appalachian Trail ya Marekani, yenye kilomita kama 3,500, inakutana na barabara mara nyingi sana, kiasi kwamba mtu anayefuatwa na gari anaweza kulitegemea kila baada ya siku chache. John Muir Trail, kwenye milima ya Sierra Nevada hukohuko Marekani, ni fupi kuliko hiyo mara kumi, takriban kilomita 340. Lakini ukielekea kusini, ukishakipita kituo cha Reds Meadow hukutani na barabara ya gari hata moja mpaka ushuke Mlima Whitney. Njia yenu iko katikati ya hizo mbili. Hofu yako, nadhani, imechorwa kwa picha ya njia ya namna ya kwanza.

Sasa naomba uitazame siku moja ya mkeo katika mpango huu, kwa sababu maongezi ya vibandani humtazama anayetembea na kumsahau anayeendesha. Wewe unavuka mlima kwa miguu, kilomita 25. Barabara haivuki mlima, inauzunguka, na kilomita zako 25 zinaweza kuwa zake 120, nyingine za changarawe. Anafika saa saba mchana. Anaegesha mahali pasipo na mtandao wa simu. Mmepanga saa kumi na moja jioni. Saa moja usiku hujatokea. Saa tatu hujatokea. Pengine umekaa tu ukingoni mwa mto uliojaa, unangoja maji yapungue asubuhi, huna tatizo lolote. Yeye hajui.

Wanaofanya kazi hii vizuri huandika makubaliano kwenye karatasi, nakala mbili, moja garini na moja begini. Mahali pa kukutania pasiandikwe "darajani", maana daraja linaweza kuwa zaidi ya moja. Paandikwe kwa namba za ramani na alama inayoonekana. Saa ya kutarajiwa isiwe moja, iwe na nafasi ya kuanzia na kuishia. Na pawe na saa ya mwisho iliyotajwa wazi: kwa mfano, unatarajiwa saa kumi na moja jioni, atakaa hapo hapo mpaka saa nne asubuhi ya pili, kisha ataendesha hadi penye mtandao kusoma ujumbe, na ikitimia saa 24 tangu muda uliopangwa bila neno lolote, atawapigia waokoaji. Saa hiyo inamfaa yeye kuliko inavyokufaa wewe, kwa kuwa inamwondolea mzigo wa kuamua usiku wa manane, peke yake, huku moyo unamwenda mbio. Kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti husaidia sana, na vipo vyenye uzito wa gramu 100 hivi. Ila chini ya miti minene au ndani ya korongo jembamba ujumbe unaweza kuchelewa mno, na betri huisha. Lazima mkubaliane mapema kwamba kimya cha kifaa peke yake si ajali.

Wapo watu wanaoipenda kazi hii. Wanasoma, wanatembea saa mbili bila mzigo na kurudi, wanaingia njiani kumpokea mwenzao kilomita tano kabla ya barabara na kumalizia naye. Wapo wanaochoka siku ya nne. Mkeo ni yupi kati ya hao? Si ajabu hata yeye bado hajijui.

Twende kwenye goti. Katika barua nzima sikuona mahali lilipopewa jina na mtaalamu. Maumivu ya mteremkoni yanaweza kutoka nyuma ya kifuniko cha goti, kwenye gegedu linalokaa kati ya mifupa, kwenye kano, au kwenye maungio yaliyoanza kuchakaa, na kila moja lina tiba yake. Likiwa linavimba, linakwama katikati ya kukunjwa, linamwachia ghafla anapokanyaga, au linamuuma hata akiwa amelala, asingoje wiki nyingine. Katika hali nyingi mazoezi ya misuli ya paja na nyonga yanayopangwa na mtaalamu huchukua wiki 8 hadi 12 kabla mtu hajaanza kuona tofauti. Mna muda huo. Kama mkiamua juu ya vani kabla ya kujua goti lina nini, mtakuwa mnaamua juu ya miaka kumi ijayo kwa kutazama asubuhi moja mbaya.

Na asubuhi ile yenyewe ilikuwa na sababu zake. Mita 900 za mteremko kwa mchana mmoja, siku ya sita, na kilo 13 mgongoni, zinaweza kulisumbua hata goti zima. Kila hatua ya kushuka goti hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili, na begi linahesabiwa humo. Mteremko ule ungeweza kukatwa siku mbili, hatua zikawa fupi, na fimbo mbili zikarefushwa sentimita tano hadi kumi na kutangulizwa mbele ya mguu ili mikono ichukue sehemu ya mzigo. Hukutaja fimbo, kwa hiyo nauliza: anazitumia?

Kuhusu kilo 13, kuna mahali pa kupunguza. Watembeaji wanaojali uzito hupima begi bila chakula, maji na gesi ya jiko, na wengi hulenga chini ya kilo 9. Walio wakali zaidi hushuka chini ya kilo 4.5. Mmarekani Emma Gatewood aliitembea Appalachian Trail yote mwaka 1955 akiwa na miaka 67, amebeba mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Sisemi mkeo aache hema. Ila wekeni kila kitu chake kwenye mizani ya jikoni, kimoja kimoja, muandike gramu. Uzito mara nyingi uko kwenye begi lenyewe, hema, mfuko wa kulalia na mkeka, vitu vinne tu. Sufuria mnayoijadili vibandani haina makosa hayo. Akishuka hadi kilo 7 na chakula kikiwemo, ni goti lingine. Hatari yake ni kwamba zile kilo sita zikihamia mgongoni mwako bila ninyi kuzipunguza kwanza, baada ya mwaka mtakuwa na magoti mawili ya kutibu. Nyingine ni kwamba anaweza kujikaza ili asikuvunje moyo na kuficha maumivu. Huyo ni mtu aliyekuambia usimtazame.

Zipo pia njia ambazo begi kubwa husafirishwa na gari la huduma toka kituo hadi kituo, na mtembeaji hubeba maji, koti la mvua na chakula cha mchana. Camino Francés, kilomita kama 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, hadi Santiago de Compostela, Hispania, inatembewa hivyo na watu wengi sana. West Highland Way ya Scotland, kilomita 154, vilevile. Si njia yenu, najua, na utakosa upweke wa milima unaoupenda. Lakini kule mngelala chumba kimoja kila usiku.

Sasa vani, maana huenda mkainunua, na sipendi muinunue kwa kicheko peke yake, hata kama kicheko hicho kina thamani kubwa.

Kilo 2,800 ukitoa 2,450 zinabaki 350. Ninyi wawili weka 145. Maji lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi na vyombo, 30. Mabegi na chakula, 60. Jumla 315, zimebaki 35 za jeki, zana, viti vya kukunja na matandiko. Inatosha kwa shida. Lakini muulize mzee: ilipopimwa, tangi la mafuta lilikuwa limejaa au linakaribia kuisha? Dizeli lita 70 ni karibu kilo 60, na kama hazikuhesabiwa mmeshapita kiwango kabla ya kupakia blanketi. Gari lililozidi uzito hulalia springi za nyuma, tairi hupata joto na kupasuka upande, breki huchelewa kwenye mteremko mrefu. Njia ya uhakika ni kulipeleka kwenye mizani ya magari, matangi yote yakiwa yamejaa, na wote wawili mkiwa ndani. Kusafiri na lita 30 za maji badala ya 80 kunawarudishia kilo 50, na kwa dereva mmoja lita 30 si haba.

Umeme wake nao ukae nao chini kidogo. Friji ndogo ya kompresa ikivuta wati 45 na kuwaka nusu ya siku, hula takriban Ah 45. Betri ya asidi ya Ah 100 haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo za kutumia ni 50. Sola ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa, siku ya jua zuri, inaweza kurudisha 25. Kila siku anapungukiwa na 20, na akikaa mahali pamoja, siku ya tatu betri imefika nusu. Akiegesha chini ya miti, siku ya pili. Akiendesha saa mbili kila baada ya siku moja au mbili, na kama kuna mtambo mzuri wa kugawa chaji ya injini kati ya betri mbili, hakuna shida. Angalieni kama waya mnene unaotoka betri ya injini kwenda ya pili una fyuzi karibu kabisa na betri, kwa kuwa waya usio na fyuzi ukijisugua kwenye bati huwasha moto. Sakafuni, kwenye boksi la mtungi, pawe na tundu la kutoa hewa nje, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Bonyeza plaiwudi kwa kidole gumba kuzunguka tundu la hewa la paani. Ikibonyea, maji yanaingia, na nyuma ya ubao kuna kutu usiyoiona. Na fundi aiweke juu ya jeki aikague chini, kwa gharama yenu, kabla hamjalipa chochote. Vani ya miaka 17 bila akiba ya gereji ndiyo sehemu ya mpango huu inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ikiharibika siku ya 20, wewe ukiwa ndani ya kipande cha siku sita, atakayebaki nayo barabarani ni yeye.

Kuhusu magurudumu manne, yule mwenzenu ametia chumvi. Barabara nyingi za kufikia mwanzo wa njia zinapitika kwa gari la kawaida lenye tairi nzuri na dereva asiye na haraka. Mara nyingi kinachowakwamisha watu ni tumbo la gari kuwa chini, au spea tairi kutokuwepo. Magari mengi ya siku hizi hutoka na chupa ya dawa ya pancha tu, na dawa hiyo haizibi tairi lililopasuka ubavuni.

Hapo naikumbuka hachibeki yenu, ambayo hakuna aliyeipa nafasi. Umepima sentimita 172 hadi mgongo wa viti vya mbele. Pima tena viti hivyo vikiwa vimesogezwa mbele kabisa. Ukiweka plaiwudi ya milimita 12 yenye kipande cha bawaba kinachokunjukia kwenye uwazi uliobaki nyuma ya viti, huenda ukafika 190. Milango yote iwe imefungwa wakati wa kupima, kwani mlango wa nyuma hula nafasi juu ya miguu. Godoro la sponji la sentimita nane linatosha. Ugumu uko kwenye kimo. Mtu anahitaji karibu sentimita 90 kutoka godoro hadi paa ili akae wima, na hachibeki nyingi hazina. Kwa mtu mwenye goti baya, kuingia kwa kutambaa kunaweza kumrudisha palepale pa mlango wa hema. Jaribuni mkiwa nyumbani, usiku mzima, madirisha mawili ya pande tofauti yakiwa wazi sentimita mbili tatu, la sivyo mtaamka na vioo vinatiririka maji ya pumzi zenu. Jiko lisiwashwe ndani kamwe, moshi wake usioonekana unaua.

Na ikitokea mtatembea nyote na gari libaki limeegeshwa siku 55, kengele na saa za gari huweza kunyonya Ah moja kwa siku. Betri ya Ah 60 mtaikuta imekufa. Fungueni waya wa hasi, liacheni kwenye gia na mawe kwenye magurudumu badala ya breki ya mkono, ambayo hushikana kwa unyevu. Huko Mineral King, Sierra Nevada, wenye magari huyafunga maturubai kwa sababu wanyama waitwao marmot hutafuna mipira ya rejeta na nyaya.

Hayo yote ni ya vyuma. Umeniuliza, ingawa hukuandika swali, kama kutembea kwenu kumekwisha. Mwenzako anaposema "mtembeaji wa maegeshoni", anafikiri safari ni ya kweli ikiwa tu haina gari na haikatiki. Unaamini hivyo na wewe? Wapo wanaoitembea njia ndefu kwa vipande, siku 12 kila mwaka, wakaimaliza baada ya miaka mitano. Wapo wanaokwenda peke yao na mwenza akawapo mwanzoni, katikati na siku ya mwisho. Ukienda peke yako unaweza kuipata njia na ukakuta umeitembea ukimfikiria yeye. Ukiahirisha kwa ajili yake bila yeye kuomba, huenda akajiona yeye ndiye mzigo. Kila mlango una gharama, na nyingine atailipa yeye. Ndiyo maana ni vigumu kuupima bila yeye kuwepo.

Lakini hawezi kuwepo wakati anaamini gari limeuzwa. Nadhani unalijua hilo, ndiyo maana uliandika. Unaweza kunyamaza, mzee akaiuza kweli na jambo likajifia. Hatari ni kwamba mlikuwa watu tisa kibandani, na maneno ya watembeaji hutembea kuliko wao. Akilisikia kwa mtu mwingine, litakuwa jambo jingine kabisa. Unaweza kumwambia, naye akaumia, akanyamaza siku kadhaa, pengine akasema hataki tena gari wala njia. Ukichagua kumwambia, nakuomba usianze na kilo 350 wala Ah 45. Hesabu zikitangulia zitasikika kama utetezi. Mwambie ulichofanya na ulichoogopa, kisha umwache aseme. Labda anachotaka ni kitanda kilichoinuka. Labda ni kuwa sehemu ya safari yako bila wewe kumwonea huruma. Mimi sijui, na kwa ulivyoandika, wewe pia unakisia.

Ikiwa baada ya hapo mtakuwa bado mnaizungumzia vani, iwe ya mzee au nyingine, ipo njia ya kuijaribu bila kununua: kukodi moja kwa siku tano na kuchagua kipande cha njia chenye barabara mwanzo, katikati na mwisho. Wewe utembee kweli, yeye aendeshe kweli, makubaliano yaandikwe, na usiku mmoja kati ya hiyo mlale mbalimbali kwa makusudi. Siku ya tatu mbadilishane, yeye atembee kilomita nane za tambarare bila mzigo na wewe ungoje garini, uone kungoja kulivyo.

Mchukue funguo mbili. Kosa linalowapata sana wenye magari njiani ni ufunguo kubaki mfukoni mwa yule ambaye yuko ng'ambo ya mlima. Mmoja ukae na mkeo, mwingine uufunge kwa kamba ndani ya begi lako, na kabla ya kuagana asubuhi kila mmoja amwonyeshe mwenzake wake.